Kisu Kisitangulie Maswali

Katika nchi ambako upasuaji wa kubadili jinsia hufanywa kwa mujibu wa sheria, mtu mzima anayeuomba hafiki kwenye meza ya upasuaji kwa siku moja, wala kwa mwezi mmoja. Kabla ya kisu huwapo maneno, na maneno hayo ni mengi. Tunaandika leo juu ya maneno hayo, si kwa kutaka kuchochea ubishi juu ya watu wazima wa Bangkok au wa London, bali kwa sababu katika visiwa vyetu, kama popote duniani, huzaliwa watoto ambao jinsia yao haibainiki kwa kutazamwa; na mtoto wa namna hiyo huweza kukatwa bila ya hata sehemu ya kumi ya maneno hayo kusemwa.

Msomaji atataka kwanza kujua maneno yenyewe ni yapi. Jumuiya ya kimataifa ya matabibu wa fani hiyo ilitoa mwongozo wake wa kwanza mwaka 1979, na toleo la nane lilitoka 2022. Kwa toleo la 2011, mtu aliyetaka kupasuliwa viungo vya uzazi alihitaji barua mbili za wataalamu wa afya ya akili. Toleo la 2022 linamtaka mtu mzima awe na barua moja. Nchini Thailand, ambako wageni wengi huenda kwa ajili hiyo, kanuni za Baraza la Madaktari za 2009 zilitaka uchunguzi wa mabingwa wawili wa maradhi ya akili. Iran, iliyouruhusu upasuaji huu kwa fatwa ya Ayatollah Khomeini katika miaka ya 1980, nayo humtaka mwombaji apite mbele ya wataalamu na apate kibali. Nchi hizi hazifanani kwa dini wala kwa siasa, lakini zimekubaliana kwamba jambo lisilorudishika halifanywi kwa papara.

Akishavuka hapo ndipo mwombaji huketi na daktari mpasuaji, na kikao hicho si cha dakika tano. Daktari humuuliza habari za mwili wake mzima: shinikizo la damu, sukari, dawa anazokunywa, kama amewahi kupasuliwa na kama mwili wake uliikubali nusukaputi. Humuuliza kama anavuta sigara, na akiwa anavuta humtaka aache wiki kadhaa kabla, kwa kuwa nikotini hubana mishipa midogo ya damu, na ngozi iliyohamishwa kutoka mahali pake ikikosa damu hufa. Humuuliza kama anataka kuzaa, kwa sababu korodani au ovari zikishaondolewa hapana uzazi tena, na mwenye kutaka akiba huelekezwa aweke mbegu au mayai yake maabara mapema. Kisha huja swali ambalo wengi huwa hawakulitazamia: wewe unatarajia nini? Kwani yuko anayetarajia kwamba kisu kitampa kazi, ndoa, na jamaa waliomtupa, na daktari mwaminifu humwambia mapema kwamba hayo kisu hakina.

Halafu daktari hueleza. Anayejengewa uke huambiwa kwamba ngozi inayotumika aghalabu ni ya uume wenyewe, kwamba vinyweleo vya ngozi hiyo pengine vitang'olewa miezi kadhaa kabla, na kwamba baada ya upasuaji atalazimika kutumia kipanuzi kila siku kwa miezi mingi, na kwa vipindi baadaye, la sivyo njia hujifunga. Anayejengewa uume huambiwa kwamba ngozi itachukuliwa mkononi au pajani, kwamba huenda akapasuliwa zaidi ya mara moja, na kwamba njia mpya ya mkojo ndiyo yenye matatizo mengi: huziba, au hutoboka ikavuja. Wote huambiwa habari za kutoka damu, za usaha, za makovu, na za kupotea kwa hisia. Daktari anayesema kwamba kwake mambo yote huwa sawasawa ni wa kukimbiwa.

Mgonjwa naye ana zamu yake ya kuuliza, na asione haya. Kazi hii umeifanya wewe mwenyewe mara ngapi? Wangapi walirudi na matatizo, na uliwatengeneza vipi? Zipo picha za waliokubali matokeo yao yaonyeshwe? Nikighairi asubuhi ya siku yenyewe, nitaruhusiwa kurudi nyumbani? Na lililo kubwa kuliko yote kwa mtu wa mbali: nikifika kwetu na jeraha likafumuka, nani atanitazama?

Swali hilo la mwisho si geni. Mwandishi wa Uingereza Jan Morris alisafiri mwaka 1972 mpaka Casablanca, Morocco, kwenye kliniki ya Dk. Georges Burou, Mfaransa ambaye tangu 1956 alikuwa akiifanya kazi hiyo na kupokea wagonjwa wa nchi nyingi. Kwao Morris alikuwa ametakiwa kwanza avunje ndoa yake, naye hakukubali. Msafiri wa namna ile humpata mpasuaji, lakini mpasuaji hubaki ng'ambo ya bahari. Sisi watu wa visiwa tunalijua jambo hilo bila ya kwenda Morocco. Tunavuka kwenda Dar es Salaam kwa boti, na wenye rufaa huvuka mpaka India, na jeraha huja kufunguliwa bandeji hapa hapa, na mtu ambaye hakuwapo lilipokatwa.

Basi huyo ni mtu mzima, aliyetaka mwenyewe, mwenye ulimi wa kuuliza. Sasa na atazamwe mtoto wa siku tatu.

Mabingwa waliokutana Chicago mwaka 2005, na makubaliano yao yakachapishwa 2006, walikadiria kwamba mtoto 1 katika kila 4,500 hivi huzaliwa na viungo vya uzazi visivyo vya kawaida. Kwa lugha yetu yule ambaye jinsia yake haibainiki huitwa huntha, neno lililotufikia kutoka katika vitabu vya fikihi, na ni vyema lisichanganywe na lile la matusi linalofanana nalo kwa sauti. Huntha ni jina la umbile. Halina tuhuma ndani yake.

Tuseme amezaliwa Micheweni. Mkunga anatazama, kisha ananyamaza. Mama anauliza amepata mwana gani, na jibu halipatikani. Bibi anataka kujua aandae jina lipi, jirani wamesimama barazani na vyakula vya mzazi, na baba hana la kuwaambia. Kila mtu anataka neno moja kati ya mawili. Katika saa kama hiyo daktari yeyote atakayesema, "Tutamtengeneza, na jambo litakwisha," huonekana kama malaika. Wala hatumlaumu mzazi atakayemshukuru. Lakini wazazi hao wakiingia kwa daktari mpasuaji, kubwa la kutarajia kutoka kwa daktari anayeijua kazi yake ni kuambiwa wangoje.

Iko haraka moja ya kweli, nayo haihusu kisu. Miongoni mwa sababu kubwa za hali hii ni ugonjwa wa tezi zilizoko juu ya figo. Tezi hizo hushindwa kutengeneza homoni ya kotiso, na badala yake huzidisha homoni za kiume. Mtoto huwa wa kike kwa kromosomu zake, ana mji wa mimba na ovari, lakini kwa nje hufanana na mvulana. Wengi wao hupoteza chumvi ya mwili kwa njia ya mkojo. Katika wiki ya pili au ya tatu mtoto hutapika, hukataa ziwa, hukauka, na hufa, na waombolezaji husema ni kuharisha au ni jicho. Mtoto wa kiume mwenye ugonjwa huo huo huwa katika hatari kubwa zaidi, kwa kuwa nje yake haina la kumshtua mtu. Dawa zake zipo na si za ajabu: vidonge vya hidrokotisoni na fludrokotisoni, pamoja na chumvi ya kuongezewa. Familia inayohangaika kutafuta mpasuaji wakati mtoto anahitaji kidonge inaweza kumpoteza mtoto njiani. Kwa hiyo kila mtoto ambaye jinsia yake haikubainika apimwe chumvi za damu na sukari katika siku zake za kwanza, kabla ya kuzungumzwa neno la kupasua.

Haraka nyingine ni ya mkojo. Mtoto asiyeweza kukojoa, au aliyezaliwa na kibofu wazi nje ya tumbo, huyo mpasuaji ndiye wake, na mapema. Mbali na hayo, upasuaji unaobaki aghalabu ni wa sura tu: kupunguza kinembe kilicho kikubwa, kufungua au kujenga uke ambao mtoto hatauhitaji kwa miaka mingi, kuondoa korodani zilizojificha tumboni. Hapo ndipo tunaposema kisu kingoje.

Sababu ya kungoja iko wazi kwa mwenye kutazama. Katika kijiji cha Salinas, nchini Jamhuri ya Dominika, ambayo nayo ni nchi ya kisiwani, Dk. Julianne Imperato-McGinley na wenzake walieleza mwaka 1974 habari za koo ambazo ndani yake watoto huzaliwa wakionekana wasichana, kisha balehe ikifika sauti huwa nzito, misuli hukua, na uume hujitokeza. Katika watu 18 waliolelewa kama wasichana na kupatikana habari zao, 17 walijitambua kuwa wanaume. Ugonjwa huo, kama ule wa tezi za figo, hurithiwa kwa baba na mama kwa pamoja, na huonekana zaidi palipo na ndoa za mabinamu. Hatuhitaji kumkumbusha mtu wa kisiwani jinsi koo zetu zilivyofumana. Lau mpasuaji angalifika Salinas na kuwakata watoto wale kwa kufuata sura waliyozaliwa nayo, angalikuwa amewakosea 17 kati ya 18, tena kwa nia njema.

Kuna na habari ya David Reimer wa Winnipeg, Kanada. Yeye hakuwa huntha; alizaliwa mvulana mwaka 1965, na mwaka uliofuata uume wake uliunguzwa kwa ajali katika tohara. Wazazi wake, vijana wasiojua pa kushika, walimwona mwanasaikolojia John Money katika televisheni akizungumza kwa yakini kubwa, wakamfuata Baltimore. Mwaka 1967, mtoto akiwa na miezi 22, aliondolewa korodani, akapewa jina la kike, na wazazi wakaagizwa wasimwambie kamwe. Vitabu vya taaluma viliandika kwamba jambo limefaulu, na kwa kutegemea habari hiyo madaktari wa nchi nyingi walijiona wana haki ya kuwapasua huntha wachanga. Mtoto mwenyewe hakuwahi kukubali. Alipoambiwa ukweli mwaka 1980, akiwa na miaka 14, aliamua kuishi kama mwanamume. Ukweli huo haukuchapishwa katika jarida la madaktari mpaka 1997. Reimer alijiua mwaka 2004. Tunaitaja habari hii kwa urefu kwa sababu kosa lake la kwanza lilifanyika katika chumba cha mashauri na si mezani: wazazi walipewa yakini ambayo mtoaji hakuwa nayo.

Wako madaktari waaminifu wenye rai nyingine. Husema kwamba mtoto akipasuliwa mapema hakumbuki maumivu, na kwamba jamii kama yetu, ambapo watoto huoga pamoja na kila mtu anamjua wa mwenziwe, itamtesa akiachwa alivyo. Wako pia wanawake waliopasuliwa utotoni ambao wakiulizwa ukubwani husema hawajuti. Hatuwapuuzi hao. Lakini hisia iliyopotea kwa kukatwa mshipa hairudi, na njia iliyojengwa kwa mtoto mchanga mara nyingi hulazimika kujengwa upya akishabaleghe. Fedheha ya jirani, kwa upande wake, huweza kupunguzwa kwa mlango kufungwa na mdomo kutunzwa, mambo ambayo wazee wetu waliyaweza bila ya hospitali. Mwezi wa Julai 2020 hospitali ya watoto ya Lurie, mjini Chicago, iliwaomba radhi hadharani huntha iliyowapasua wakiwa watoto. Hospitali kubwa haiombi radhi kwa uvumi.

Wapo watakaosema kwamba kungoja huku ni fikra ya kigeni. Twasema sivyo. Wanavyuoni hawakuwa na kipimo cha kromosomu, lakini walijua kungoja. Walitazama njia ya mkojo, na alama zisipobainika waliisubiri balehe. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wa visiwa hivi, huntha mwenye kutatiza hupewa katika mirathi fungu la yakini, na lile lenye shaka huzuiwa mpaka hali ibainike au warithi wasikizane. Ikiwa fikihi iliweza kuzuia fungu la shamba la mikarafuu kwa ajili ya shaka, seuze kiungo cha mtu.

Na katika sheria za leo hatutakuwa wa kwanza. Malta, nchi ya visiwa yenye watu wachache kuliko sisi, ilipitisha mwaka 2015 sheria inayokataza kumpasua mtoto viungo vya jinsia ikiwa jambo lenyewe laweza kungoja hadi atakapoweza kukubali mwenyewe. Kenya, jirani zetu, walianza kwa kesi ya mtoto aliyeandikiwa alama ya kuuliza mahali pa jinsia katika karatasi za hospitali. Mahakama Kuu ilitoa hukumu yake mwaka 2014. Katika sensa ya 2019 huntha walihesabiwa kwa mara ya kwanza, wakapatikana 1,524, na Sheria ya Watoto ya 2022 ikakataza kubadili au kuondoa kiungo cha mtoto huntha pasipo rai ya bingwa wa mambo ya urithi wa maumbile. Wataalamu wetu wa sheria wana pa kuanzia.

Mzazi aliyeitwa na mpasuaji aende na mtu wa kumshikia maneno, mama mdogo au mjomba mwenye utulivu, kwa sababu mwenye mtoto mikononi hasikii nusu ya anayoambiwa. Aulize: ugonjwa wa mwanangu una jina gani, na vipimo gani vimekwisha kurudi? Nikingoja miaka mitano, atadhurika nini? Kinachokatwa kitapoteza hisia au uzazi? Atapasuliwa mara ngapi mpaka akue, na ni wewe utakayekuwapo? Akijibiwa kwa hasira, au kwa kuambiwa kwamba nafasi ya ukumbi ni kesho tu, amfunge mtoto nguo arudi naye. Daktari mzuri hatakasirika. Atachora mchoro, atamwita daktari wa watoto na daktari wa homoni wakae pamoja, na atampa mzazi siku nyingine ya kuja kuuliza aliyoyasahau.

Kwa wakuu wa afya tuna haja zetu, na si kubwa. Hidrokotisoni na fludrokotisoni zisikosekane Mnazi Mmoja wala Abdalla Mzee, Mkoani, kwani kidonge kilichoko Unguja hakimfai mtoto anayekauka Pemba siku ambayo bahari imechafuka. Damu ya vipimo visivyofanyika hapa ipelekwe kwa njia ya serikali, si kwa mfuko wa baba. Wakunga wafunzwe namna ya kusema: mwanao ni hai, maumbile yake bado hayajabainika, tutachunguza, usimpe jina kwa haraka. Wasifunzwe kubahatisha. Na katika wodi, mtoto huyo asigeuzwe kioja cha kupigwa picha kwa simu na kila mwenye koti jeupe anayepita.

Yako pia makundi ya madaktari wageni wanaokuja kwa wiki moja au mbili, wakapasua wagonjwa wengi, na kuondoka. Tunawashukuru kwa henia na mtoto wa jicho. Lakini upasuaji wa jinsia ya mtoto, ambao huhitaji kutazamwa kwa miaka, usiwe katika orodha ya kambi hizo hata kidogo, ila ule wa kuokoa mkojo na roho. Mpasuaji atakayekuwa ndani ya ndege Ijumaa hana haki ya kuanza Jumatano jambo la miaka kumi na minane.

Wenzetu wa usajili wa vizazi nao wana sehemu yao. Mzazi asisukumwe kuandikisha mwanamume au mwanamke ndani ya siku chache ili apate cheti, maana karani anayedai neno moja huweza kumrudisha mzazi mbio kwa mpasuaji. Iwepo njia ya kuandika baadaye, na njia ya kusahihisha kilichoandikwa, kwa barua ya daktari na kwa siri, bila ya kumzungusha mtu ofisi sita akisimulia utupu wa mwanawe kwa kila mlinzi.

Mwisho, faili. Karatasi za vipimo, michoro, na majina ya waliokuwapo katika mashauri zitolewe nakala mbili: moja ibaki hospitalini pasipo panya wala mvua, na moja wapewe wazazi mkononi, iliyoandikwa kwa Kiswahili wanachokisoma, waiweke kabatini pamoja na hati ya shamba mpaka mwenyewe atakapoiomba.